Makofi Matatu ya Safari

Katika kanisa letu dogo hapa Bwera, lile lililo nyuma ya soko, shukrani zina vipimo vyake na hakuna anayevikosea. Ukisafiri ukarudi salama, unasimama Jumapili, unasema umesafiri na umerudi, na unapigiwa makofi matatu: pa, pa, pa, basi, kaa chini. Ukijifungua, saba. Mtoto wako akifaulu mtihani, saba pia, ingawa wenye watoto walioanguka hupiga kwa vidole tu. Lakini ukipona ugonjwa mkubwa, makofi hayahesabiki. Wanakwaya wanateremka, ngoma inapigwa, mbuzi uliyemleta analia nje, na wewe unazungushwa kanisani kama bibi harusi. Nimefagia kanisa hilo miaka kumi na mitatu, na vumbi la siku za uponyaji ndilo linalonitoa jasho zaidi.

Rusi Kembabazi alizungushwa hivyo miaka miwili iliyopita. Wengi hapa wanaijua siku hiyo moja tu ya maisha yake, na mimi, Ednah, ambaye watu huniita Mama Mumbere, ni mmoja wa waliomharibia siku zilizofuata. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Mengi ya haya aliniambia mwenyewe baadaye sana, tukichambua maharage uani kwake. Mengine niliyaona kwa macho yangu nikanyamaza.

Rusi si mzaliwa wa Bwera. Baba yake, Byamukama, alitoka Ankole kutafuta kazi mgodini Kilembe, na mgodi ulipofungwa akaingia kwenye saruji, akawa anarudi nyumbani Kasese mweupe hadi kwenye kope. Rusi alikulia mjini humo, akajifunza cherehani kwa masista, akaolewa na Yeseri, mtu wa hapa kwetu, mpole kupita kiasi, aliyekuwa akienda Nyakalengija kuwabebea watalii mizigo ya mlimani. Yeseri alikufa kwa kifua, sasa mwaka wa nane. Ndugu zake walimwachia Rusi nyumba na cherehani, kisha wakaacha pia kumtembelea. Mwanawe wa pekee, Benon, ni mlinzi Kampala. Hupiga simu mwanzo wa mwezi na kuuliza kama mvua imenyesha.

Kazi yake aliijua, hilo hata maadui wake wangekubali, kama angekuwa nao. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, wanawake wa Kongo huvuka mpaka na vitenge vyao asubuhi, na wanataka gauni liwe tayari kabla hawajarudi jioni. Rusi hakuhitaji futi. Alikutazama mara moja, akakata. Mimi nilipoanza kunenepa, alijua kabla yangu.

Titi la kushoto ndilo lililougua. Aliugundua ugonjwa mapema kwa vidole vyake mwenyewe, akaenda, akaambiwa ni saratani ila bado changa, haijatembea. Wakalitoa Mbarara. Akapewa zile dawa za mshipani zinazong'oa nywele, akawa anatapika hata maji. Wakati huo hakuwa peke yake dakika moja. Wanawake wa kanisa tulipeana zamu: huyu uji, yule kufua, huyu kumsindikiza hospitali. Tulimchosha kwa wema. Hata cherehani yake ilifutwa vumbi kila siku na watu wasiojua kushona kifungo.

Alipomaliza zile dawa, muuguzi wa kliniki alimkalisha chini akamwambia kwamba matibabu makubwa yamekwisha, na sasa kazi ya kumlinda ndiyo inaanza. Kidonge kimoja kila siku, miaka mitano. Arudi akaguliwe kila baada ya miezi mitatu, halafu sita. Titi lililobaki lipigwe picha kila mwaka. Asibebe kizito kwa mkono wa kushoto. Rusi alirudi Bwera akatueleza yote hayo, na sisi tukasikia maneno matatu tu ya mwanzo: matibabu makubwa yamekwisha. Tukaanza kutafuta mbuzi.

Hapa lazima nieleze habari ya kabati. Zamani mzee mmoja aliyepona mguu aliweka mkongojo wake juu ya meza ya madhabahu, akaenda zake bila kuchechemea. Tangu hapo kila aliyepona huacha kitu. Na kwa kuwa siku hizi kila mgonjwa ana daftari lake la hospitali, daftari la kawaida la shule, la buluu, ambamo madaktari huandika kila kitu, watu wakaanza kuacha daftari. Sisi tunaliita kitabu. Pasta Yonasani huvipokea vitabu hivyo kwa mikono miwili, na ibada ikiisha mimi navifungia kwenye kabati nyuma ya mimbari. Pasta hakuwahi kumwambia mtu aache dawa, na kwa hilo namtetea popote. Lakini mtu akishaweka kitabu chake mezani mbele ya kanisa zima, atakirudiaje?

Siku ya Rusi, alikuwa ameleta mbuzi na kitambaa cheupe cha mimbari, alichokidarizi mwenyewe. Hakuwa na nia ya kuacha kitabu. Alikuwa nacho kwenye mkoba kwa sababu hakuachana nacho tangu alipoanza kuugua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimepandwa na furaha, ngoma inanipiga kifuani, nikamnong'oneza: "Tia na kitabu, Mama Benon! Tia na kitabu!" Akageuka akanitazama. Nikamsukuma kidogo begani. Akakitoa, akakiweka, na kanisa likalipuka.

Kesho yake hakuna aliyekuja.

Sisemi watu walimchukia. Walikuwa wamemaliza. Mgonjwa anatembelewa, aliyepona hana haja ya kutembelewa, na Rusi alikuwa amepona mbele ya mashahidi mia mbili. Alipokataa kubeba dumu la maji kwa mkono wa kushoto, aliulizwa: "Kwani wewe si ulipona?" Basi akabeba. Mkono ukavimba hadi pete ya Yeseri ikagoma kutoka, akaichomoa kwa sabuni na machozi. Vidonge vilimletea joto la ghafla, akawa anatoka nje katikati ya mazoezi ya kwaya akiwa ameloa, na wenzake wakasema anaringa. Akaacha kwaya. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Titi la kitambaa alilishona mwenyewe kwa bitana ya gauni la gomesi. Kwanza alilijaza mtama ili liwe na uzito wa kweli. Mvua ya Aprili ikamnyeshea njiani kutoka sokoni, na siku ya nne mtama ukaanza kuota. Alinisimulia jambo hilo akicheka hadi machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Vidonge navyo vilikuwa na shida yake. Mwenye duka la dawa hapa Bwera huimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Rusi angemwambiaje kwamba bado anameza dawa ya ugonjwa ambao yeye mwenyewe aliuchezea ngoma? Akawa anapanda gari hadi Kasese mjini, kwenye duka ambalo hakuna anayemjua, anaonyesha pakiti tupu, ananunua, anarudi na vidonge ndani ya kopo la vifungo. Kliniki hakwenda tena. Tarehe ya kwanza ilipita kwa sababu hakuwa na kitabu, na bila kitabu hakuna namba yake, hakuna karatasi ya maabara iliyobandikwa ndani, hakuna chochote cha kuonyesha alikatwa nini na akapewa nini. Ya pili ilipita kwa sababu aliona aibu ya ile ya kwanza. Kliniki walipopiga simu akabadilisha laini. Miezi ishirini na minne ikapita hivyo.

Jumamosi moja, mwezi wa nane mwaka huu, akioga, vidole vyake vikakuta kitu kando ya kovu. Kidogo, kigumu, chini ya ngozi. Alikibonyeza, akakizungusha. Kwa fundi wa nguo, alisema, kilikuwa kama fundo la uzi upande wa ndani wa shati. Akajisemea ni fundo tu. Kisha akakumbuka kwamba hata mara ya kwanza alijisemea ni jipu tu. Alikaa chini pale bafuni, juu ya jiwe la kusugulia miguu, hadi maji yakamkaukia mwilini.

Jumapili alikuja kanisani kama kawaida, akaimba kama kawaida. Jumatatu akapiga moyo konde, akaenda kwa Pasta kuomba kitabu chake. Hata kukaa hakukaa vizuri.

"Mama Benon! Wewe ndiye nilikuwa natafuta!" Pasta akamwambia. "Jumapili ya mwisho ya mwezi tuko na wageni, batu ya Kisinga. Nataka uwaambie vile Mungu alikuponyesha. Na kitabu yako nitaiinua, baione na macho yabo."

Rusi akasema ndiyo, Pasta.

"Na ulikuwa unakuya na shida?"

"Hapana, Pasta. Nilipita tu kusalimia."

Jumanne, soko likiwa limejaa, aliacha nguo ya mteja katikati ya mshono, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Alinikuta kanisani nikipiga deki. Hakunisalimia hata.

"Mama Mumbere, funguo ya kabati iko na wewe?"

"Iko."

"Nataka kitabu yangu."

"Pasta anajua?"

"Pasta hajue kitu. Na asijue. Hakuna mutu ajue." Akachukua mkono wangu uliolowa, akauweka juu ya blauzi yake, kando ya kovu. "Niko na kitu hapa."

Nilikisikia. Naapa nilikisikia kupitia vitambaa viwili. Nikakumbuka niliposimama nyuma yake nikimsukuma bega, nikaliacha tambara la deki sakafuni.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho kanisa letu halijui hadi leo. Vitabu kabatini viliwahi kuwa tisa. Siku ile Rusi alipokuja vilikuwa vinne, na cha Rusi kimojawapo. Watano walikuwa wamemtangulia, mmoja mmoja, kila mmoja Jumatatu au Jumanne wakati hakuna mtu, kila mmoja akiniapisha nisiseme. Mwenye shinikizo la damu. Mwenye kifafa. Mwenye moyo. Wote hukaa kanisani safu moja na Rusi, wote hupiga makofi, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyerudi nyuma ya mgongo wa Mungu kuchukua kitabu. Mimi nilijua. Ningetaka, ningewaita wote siku moja saa moja, nikafungua mlango na kusema, haya, tazamaneni. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimeapa, na tena nilikuwa naogopa kazi yangu.

Nikafungua kabati. Madaftari ni yale yale ya buluu, hayana tofauti kwa nje. Cha juu nilikijua bila kukifungua, kwa sababu nakipangusa kila wiki.

"Hiyo ni ya nani?" Rusi akauliza.

"Ya Benedicte."

Akarudisha mkono. Benedicte alikuwa mwanamke wa Kongo aliyeolewa hapa, mcheshi, muuza mawese, mwenye kisukari. Alileta kitabu chake mezani mwaka mmoja kabla ya Rusi, akapigiwa ngoma, akaacha kliniki na sindano zake. Hakuja kukirudia. Tulimzika kabla ya Krismasi iliyofuata, na mazishini hakuna aliyetaja kisukari hata mara moja, kwa kuwa kisukari kilikuwa kimeshapona.

Rusi akachukua cha kwake, akakiingiza ndani ya blauzi, upande wa kushoto, juu ya titi la kitambaa.

"Na ile siku ya wageni?" nikamuuliza. "Pasta atafungua hapa, ataona nini?"

"Sijue," akasema. "Nikiwa nimekufa, atanisamehe."

Alhamisi alipanda gari la kwanza la Mbarara. Majirani aliwaambia anakwenda kutafuta kitambaa cha yunifomu.

Muuguzi wa kliniki anaitwa Lanyero. Ni mtu wa kaskazini, binti wa mwanajeshi, alikulia kambini, na Kiswahili chake ni cha kambini. Rusi alikuwa amepanga cha kusema njia nzima. Hakupata nafasi. Lanyero alifungua kitabu, akatazama tarehe ya mwisho, akapiga meza.

"Wewe! Ulikuwa wapi? Miezi ishirini na ine! Mimi napiga simu, simu imekufa. Nani alikupa ruhusa ya kupotea?"

"Nilikuwa nimepona," Rusi akasema.

"Kupona unajiambia mwenyewe? Sisi tuko hapa kufanya nini? Kaa. Toa blauzi. Na huu mkono, umebeba nini na huu mkono? Mawe?"

Rusi akaanza kulia. Lanyero akafikiri amemtisha, akapunguza sauti. Sivyo. Rusi aliniambia kwamba katika miezi yote hiyo, yule mwanamke mkali ndiye mtu wa kwanza aliyejua kwamba yeye amepotea. Alikuwa amehesabu miezi.

Daktari alimpapasa, akamuuliza kuhusu vidonge, akamsifu kwa vile alivyovinunua mwenyewe na kumkemea kwa siku alizoruka. Titi lililobaki likapigwa picha. Kile kitu kikachomwa sindano nyembamba, kikanyonywa kidogo, kikapelekwa maabara. Majibu ni Alhamisi ijayo, akaambiwa, na aje na mtu wa nyumbani. Rusi akasema sawa. Mtu wa nyumbani angemtoa wapi?

Wiki hiyo alishona kama anayefukuzwa. Benon alipiga simu, akauliza kuhusu mvua, naye akamjibu kuwa imenyesha. Ijumaa nilimpelekea kikapu cha viazi kama kisingizio. Nilimkuta anabandua mshono wa gauni ambalo halikuwa na kosa lolote. Nilitaka kumwambia nitakwenda naye. Lakini Alhamisi ndiyo siku ya kuosha viti, na Pasta angeniuliza nimekwenda wapi, na mimi sijui kudanganya, basi nikauliza viazi nivimwage wapi. Jikoni, akasema. Nimejilaumu kwa siku nyingi maishani, ila ile Ijumaa naijua kwa jina.

Alikwenda peke yake. Daktari akafungua bahasha, akasoma, akasema kwamba hakuna saratani. Picha ya titi la kulia ni safi. Na kile kitu kando ya kovu ni uzi. Uzi wa upasuaji, kipande kidogo ambacho hakikuyeyuka kama vingine, mwili ukakizungushia nyama ngumu. Hutokea, akasema, si kosa la mtu.

"Uzi?" Rusi akauliza.

"Uzi, mama."

"Ni fundo?"

Daktari akatazama karatasi, akasema ndiyo, inawezekana kabisa ni pale walipofunga fundo.

Vidole vyake vilimwambia kweli tangu Jumamosi ile bafuni, naye akakataa kuviamini. Akataka kucheka, akataka kumshika mtu. Lanyero alikuwa na wagonjwa wengine mlangoni. Aliandika kitabuni tarehe ya miezi mitatu ijayo, akaizungushia duara mara mbili, akasema, "Ukipotea tena, nakuya mwenyewe Bwera na gari ya askari." Rusi akasema ndiyo, afande. Hiyo ndiyo sherehe yote aliyoipata.

Kwenye basi alikaa na mwanamke asiyemjua. Katunguru, kabla ya daraja, gari liliposimama na watu wakanunua samaki wa kukausha kupitia madirishani, habari zile zikamshinda kubeba. Akamgeukia mwenzake.

"Mama, leo nimeambiwa niko muzima."

Yule mwanamke akamtazama kwa wasiwasi, samaki mkononi. "Kwani ulikuwa mugonjwa?"

Rusi akafungua kinywa. Aanzie wapi? Gari likaondoka, wakavuka mfereji wa Kazinga, na yule mwanamke akafunga samaki wake kwenye gazeti, akalala. Rusi alishuka Bwera jua likiwa bado juu. Mwenye duka la dawa akamuuliza kama amepata kitambaa. Akasema hakipatikani. Nyumbani akala viazi vyangu vya baridi, akakiweka kitabu juu ya cherehani, akakaa akikitazama, habari njema ya mwaka mzima ikiwa mle ndani na hakuna wa kumpa, maana kila mtu alikuwa ameshaipata miaka miwili iliyopita.

Mimi sikujua kitu. Hakunitafuta, nami niliogopa kumwendea. Ijumaa nilimwona sokoni kwa mbali, kichwa kimeinama kwenye sindano. Jumamosi nilipanga viti vya wageni. Niliwaza kukimbia na ufunguo. Niliwaza kusema kabati limeharibika. Mwisho sikufanya lolote, kama kawaida yangu.

Jumapili wageni wa Kisinga walijaza safu tatu za mbele. Pasta alihubiri kwa nguvu, kisha akajifuta jasho, akanipungia mkono nifungue. Nikafungua. Akaingiza mkono kabatini bila kutazama, akachukua kitabu cha juu, akarudi mbele na kukiinua.

"Muone na macho yenu! Hii ni kitabu ya Mama Benon. Madaktari banaandika, Mungu anafuta!"

Kilikuwa cha Benedicte.

Nilikijua kwa kona yake iliyochanika. Rusi naye alikijua, kwa sababu alikuwa amekaa safu ya nne na mkoba mapajani, na cha kwake kilikuwa ndani ya mkoba huo. Niliona anavyokitazama kile kitabu kikipepea hewani. Watano wale wengine walikuwa wamo humo humo ndani, wametulia, kila mmoja akitazama viatu vyake.

"Mama Benon, simama. Ambia wageni."

Akasimama. Mpiga ngoma akaweka mikono tayari. Rusi aliushika mkoba kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Bwana asifiwe. Mimi nilienda safari. Nilienda Mbarara, nikarudi muzima. Ni hiyo tu."

Akakaa.

Nikarudi muzima. Hapo ndipo nilipojua. Siku kumi na mbili nilikuwa nimebeba kile kitu mkononi mwangu, mahali aliponigusisha, na sasa kikaondoka. Wageni walitazamana. Pasta alisubiri kidogo akidhani kuna zaidi, halafu akaona hakuna, akainua mikono kama tunavyofanya siku zote kwa aliyesafiri. Kanisa likapiga. Pa, pa, pa.

Nami nikapiga la nne.

Lilitoka lenyewe, kubwa, peke yake, kwenye ukimya. Kanisa zima likageuka kunitazama. Rusi pia aligeuka. Alinitazama macho kwa macho, na nikaona anangoja. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja tu, mkono juu ya mkoba.

"Mama Mumbere," Pasta akasema, kitabu cha Benedicte bado mkononi mwake. "Na wewe uko na shukrani?"

Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Ufunguo ulikuwa kiganjani. Ningeweza kusema chochote.

"Hapana, Pasta," nikasema, nikakaa.